Mimi Nasoma Mbele, Yeye Anachana Nyuma

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Siku njema. Asubuhi nimebandika uhakiki mpya kwenye ubao wa studio yangu ya picha hapa Sindo, na kabla sijafungua mlango watu walikuwa wamejaa. Hakuna aliyekuja kupigwa picha. Lakini binadamu hawezi kupata yote.

Ubao huu zamani ulikuwa wa picha za mfano: maharusi, watoto wa ubatizo, wanaume wameegemea redio. Mwaka jana niliwasogeza maharusi pembeni nikaandika juu kwa rangi nyekundu: NIMESOMA, NA ORINA MOGAKA. Tangu hapo kila kitabu ninachosoma nakiandikia maoni. Hakuna anayenilipa. Hakuna aliyeniomba. Mke wangu Nyakerario anasema hilo la kutoombwa ndilo lenyewe.

Kitabu cha wiki hii kinaitwa Mke wa Afisa wa Forodha. Kitamu! Afisa wa mpakani Isebania anampenda Rozina, binti wa mzee wa magendo. Siku moja lori linasimamishwa. Rozina amekaa juu ya gunia. Afisa anashika kamba ya gunia, anaanza kufungua...

Na kitabu changu kinaishia hapo hapo.

Atakayesoma shajara hii nikishakufa (watakuwa wengi) inafaa aelewe. Vitabu vyangu vyote navipata kwa njugu. Nyakerario anauza njugu za kukaanga, na karatasi za kufungia ananunua kwa gunia kutoka Homa Bay. Ndani ya magunia hayo, kati ya magazeti na karatasi za ofisi, hutokea vitabu. Mimi nachukua kitabu naanza kusoma mbele. Yeye anachana nyuma, kwa sababu ukianza mbele jalada linatoka na kitabu kinatawanyika. Tunakutana katikati. Soko likilala, nafika mbali. Mashua zikirudi na omena nyingi, hao dagaa wetu wa ziwani, watu wana furaha na wananunua njugu, nami nimewahi kupoteza sura nne kabla ya chai ya saa nne.

Mwingine angenung'unika. Mimi sina neno. Njugu zinatulisha, na kusoma kwa mbio kumeninoa macho.

Mwisho wa hadithi naujaza mwenyewe. Kazi ya mhakiki ni kuwasaidia wasomaji. Nimeandika kwamba ndani ya gunia hamkuwa na sukari ya magendo. Mlikuwa na gauni la harusi! Afisa akatupa kofia ya serikali, wakaoana, wakahamia Kehancha, sasa wanalima tumbaku na kufuga ng'ombe. Pauline, muuguzi wa zahanati, alilia mbele ya ubao. Alisema wanaume wa namna hiyo hawazaliwi tena.

Nimekula chakula cha mchana kwa raha sana.

Jumanne, 6 Agosti

Habari kubwa! Mama Truphena, mwenyekiti wa kamati ya soko, amepita duka kwa duka kutangaza. Kile chumba nyuma ya mashine ya kusaga kinafanywa chumba cha kusomea. Wafadhili wa Nairobi wameleta makatoni ya vitabu. Vipya. Vyote vina mwisho.

Vina mwisho! Nilikaa chini. Kwa miaka hii yote sijajua nani alimuua dereva wa askofu. Sijajua kama yule mtoto wa Kisumu alimpata mamake. Nawaambia watu nimejua, lakini usiku huwa najiuliza. Anatafutwa msimamizi, atakayekaa na ufunguo. Atachaguliwa Jumapili, mkutano wa wakazi wote. Nautaka ufunguo ule kuliko nilivyotaka kamera yangu ya kwanza.

Mpinzani ni mmoja tu, Mwalimu Boaz Obare. Yuko nyumbani likizo ya Agosti. Naye ana ubao, pale kwa kinyozi, upande wa pili wa barabara, tena aliuanza baada ya wangu. Mwalimu anasoma ukurasa mmoja kwa siku, kamusi juu ya goti, penseli nyuma ya sikio. Neno asilolijua analipigia mstari. Neno analolijua pia analipigia mstari. Huko si kusoma, ni kusahihisha.

Mpango wangu: picha. Nitajipiga picha nikiwa mbele ya kabati kubwa la vitabu, niitundike mkutanoni. Sina kabati. Lakini studio ina pazia la nyuma lenye ndege na maua, na upande wa pili wa pazia ni mweupe. Nimempa kazi Matiko, mchoraji wa mabango aliyetoka Kehancha. Nimemwambia achore kabati limejaa vitabu juu hadi chini. Ameuliza migongoni mwa vitabu aandike nini. Nilikuwa na mteja, nikamjibu bila kugeuka kwamba vitabu ni vitabu.

Jumatano, 7 Agosti

Mwalimu Boaz amenishambulia waziwazi. Kwenye ubao wake ameandika kwamba mhakiki wa studio ana kipaji cha pekee, vitabu vyake vyote vinaisha kwa harusi na ng'ombe, hata kile cha kilimo cha mihogo.

Kile cha mihogo kilikuwa na mkulima mpweke sana kwenye picha za mwanzo. Mimi nilimwonea huruma. Ni kosa?

Chini yake ameandika jambo baya zaidi. Eti dadake aliye Homa Bay amemletea Mke wa Afisa wa Forodha, nakala nzima. Na Jumapili, kabla ya kura, atatusomea mwisho wake wa kweli.

Sindo yote inajua habari za Kehancha. Fundi wa injini za mashua ametia jina la Rozina kwenye mashua ya shemejiye. Kama yule afisa hakuoa, mimi nitasimama wapi?

Jioni nikaenda kwa Mwalimu kwa heshima zote. Nilimwomba kitabu cha siku moja tu, kama mhakiki kwa mhakiki. Akacheka. Akaniambia ningoje Jumapili kama wengine, omera, ndugu yangu, haraka haijawahi kumfaulisha mtoto mtihani. Kitabu nilikiona juu ya meza, kinene, kimelala karibu na taa. Jalada lilikuwa limeng'oka. Mkewe Terry alinikaribisha chai. Nikanywa huku nakitazama.

Alhamisi, 8 Agosti

Akili ni mali. Nimepata mpango usio na dhambi hata kidogo.

Nyakerario ana desturi ya kupita majumbani akibadilisha njugu kwa karatasi kuukuu. Watoto wanapata njugu, yeye anapata vifungio. Asubuhi nimemwambia apite na kwa Mwalimu Boaz. Sikusema aibe! Nilisema kuna kitabu mezani hakina jalada, na Terry akienda kutafuta karatasi chumbani, yeye afunue ukurasa wa mwisho, asome, anijie na habari. Basi. Nyakerario akaniuliza mimi nina umri gani. Lakini akaenda.

Mimi nikaenda studio nikapokea pazia. Matiko ni fundi kweli. Mbao zinang'aa, vivuli viko mahali pake, ungesema ni kabati la waziri. Ila kwenye mgongo wa kila kitabu ameandika KITABU. Vyote. Rafu saba. KITABU, KITABU, KITABU. Nilipomuuliza alisema ndivyo nilivyomwagiza, na kwamba cha pembeni kule chini amekiandika KAMUSI kwa hiari yake, hiyo ni bure. Nikasimama mbele kwa kujipanua kidogo, nikapiga. Filamu imeondoka na gari la mchana kwenda Homa Bay kuoshwa.

Nimerudi nyumbani nimechangamka. Nyakerario naye amechangamka. Akaniambia, Baba Bochaberi, leo biashara ilikuwa ya ajabu. Terry ni mwanamke wa watu. Alimwambia kwamba Mwalimu ametoka, na karatasi zinamjazia nyumba, achukue zote. Akamkusanyia magazeti, akamkusanyia mitihani ya mwaka juzi, na juu yake akaweka kile kitabu.

Nikauliza kwa nini akatoa kitabu! Nyakerario akanishangaa. Akasema hakikuwa na jalada.

Sindo nzima inajua kwamba kitabu kikitoka jalada kimekuwa karatasi. Hata mimi ningekitoa.

Nikauliza kiko wapi. Akasema mashua zilirudi zimejaa, njugu ziliisha saa tisa. Akanionyesha kilichobaki, kurasa za mwanzo kama thelathini.

Hizo nimeshazisoma!

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya kuzunguka. Mwisho wa kitabu umo ndani ya Sindo, umefungia njugu, umo mikononi mwa watu. Ni kuutafuta tu.

Ufuoni nimepata kurasa tatu, moja ina magamba ya samaki. Kwa fundi wa injini nimepata moja ameipangusia oili. Pauline alikuwa nayo moja pale zahanati na hakutaka kuitoa mpaka nikampiga picha ya bure. Waliokuwa hawajamaliza njugu zao niliwasaidia kumaliza. Kufika adhuhuri nilikuwa siwezi kuinama.

Kurasa zenyewe hazisaidii. Rozina ana kaka! Kuna moto! Kuna mtu anaitwa Zakayo anayelia katika ukurasa mmoja na kucheka katika mwingine, na sijui kama kicheko ndicho kilitangulia. Gunia halimo. Ukurasa wa mwisho haumo.

Nilipokuwa narudi nikamkuta Mwalimu Boaz anaingia nyumba hii, anatoka ile, anauliza kama kuna mtu ameona kitabu chake. Terry alikuwa nyuma yake, bado hajamwambia kilienda wapi. Nilimsalimia Mwalimu kwa heshima kubwa. Sikuweza kusema zaidi, mdomo ulikuwa umejaa njugu.

Picha imerudi kutoka Homa Bay. Nimetoka vizuri mno. Nyakerario ameitazama sana, akasema kabati ni zuri.

Jumamosi, 10 Agosti

Sabato. Leo sifanyi mpango wowote. Nimewaza tu.

Kanisani Mama Truphena alikaa mstari wa mbele yetu. Alipofungua Biblia ili kusoma, nikaona alama aliyoiweka katikati. Si utepe. Ni ukurasa wa kitabu, una madoa ya mafuta ya njugu, na chini yake kwa herufi kubwa kumeandikwa MWISHO.

Niliimba ubeti wa pili wakati wenzangu wako wa nne.

Jumapili, 11 Agosti

Natulia kwanza ndipo niandike.

Mkutano ulifanyika ndani ya chumba chenyewe. Makatoni yalikuwa mbele, yamefunguliwa, vitabu vinanukia upya. Picha yangu niliitundika nyuma yangu ili watu wakinitazama wanione mara mbili. Chumba kilijaa hadi madirishani.

Mwalimu Boaz akapewa nafasi asome. Akasimama mikono mitupu. Akasema kitabu kimepotea. Akasema kwamba wasifikiri ni kiburi cha kushindana, yeye mwenyewe hakuwa ameufikia mwisho. Alikuwa katikati. Angeweza kuruka mbele akautazama, lakini alikuwa anajinyima, ukurasa mmoja kwa siku, kwa sababu akimaliza hatakuwa tena na Rozina wa kurudia jioni. Jumapili ndiyo angeufungua, pamoja nasi. Akakaa. Akavua miwani.

Hapo mimi, Orina Mogaka, nilijisikia vibaya. Nilidhani anasoma polepole kwa sababu hajui kusoma. Kumbe mtu yule anapenda vitabu kama mimi, sema kwa mwendo wa kobe.

Mama Truphena akasema hakuna haja ya kuhuzunika. Akafungua Biblia, akatoa ule ukurasa, akasoma kwa sauti ya kutangazia bei ya sangara.

Ndani ya gunia mlikuwa na sukari. Sukari tu! Afisa akaandika ripoti. Rozina akatozwa faini, akarudi kwao kwa miguu. Afisa akapandishwa cheo. Sentensi ya mwisho inasema akagonga muhuri, akaita lori linalofuata. MWISHO.

Nikafumba macho, nikangoja aibu inifikie.

Yawa! Kelele zilizotoka! Lakini si kwangu. Fundi wa injini alisema huo ukurasa ni wa kitabu kingine, umechanganyika. Pauline alisimama akasema mwandishi alikuwa amechoka siku hiyo, na yeye anaujua ukweli, wako Kehancha. Mzee mmoja kutoka nyuma aliuliza hao ng'ombe sasa wataachiwa nani. Wakaanza kuita jina langu. Orina! Orina apewe ufunguo! Nikasimama. Nikanyoosha koti. Ufunguo ulikuwa juu ya meza, nauona, una kamba ya bluu.

Mama Truphena akanyanyua mkono. Akauliza neno moja tu. Ukurasa huu wa kitabu cha Mwalimu ulifikaje kwenye njugu zangu?

Nikaketi tena.

Nyakerario akasimama. Hakuwa na haya wala wasiwasi. Akaeleza yote kama anayeelekeza mtu njia. Kwamba yeye hununua karatasi. Kwamba mimi nasoma mbele naye anachana nyuma. Kwamba hakuna kitabu nilichowahi kukimaliza tangu tuoane, na harusi zote zile natunga mwenyewe nikinywa chai. Kwamba nilimtuma kwa Mwalimu achungulie, na Terry akampa kitabu kwa roho safi kwa kuwa hakikuwa na jalada. Akainama kwa Mwalimu, akamwomba msamaha. Akakaa.

Chumba kizima kikanigeukia. Kisha wakaitazama picha nyuma yangu. Mtu akasoma kwa sauti, KITABU, KITABU, KITABU, KAMUSI. Kicheko kilichofuata kilivuka hadi ufuoni, bila shaka.

Kura ikaachwa, kamati ikatoka nje kuamua. Ilirudi upesi. Mama Truphena akasema wamefikiri. Vitabu vya Sindo, akasema, havina maadui wengi. Mchwa hatuna, wezi wa vitabu hatuna. Adui ni mmoja, anayevichana, naye ni mwaminifu na anasema ukweli akiulizwa. Basi ufunguo apewe yeye, vitabu vikipotea tutajua mlango wa kubisha.

Wakampa Nyakerario!

Mimi nimeruhusiwa kuazima kitabu kimoja kimoja kama wengine, na nisiandike neno ubaoni mpaka nimalize nacho. Nimekubali yote. Nilipofika mlangoni nikampa Mwalimu Boaz zile kurasa nilizokusanya, pamoja na ya magamba. Alizipokea kwa mikono miwili. Akanishukuru! Akauliza huyu Zakayo ni nani. Nikamwambia ni mjomba wa Rozina.

Sijui kama ni mjomba. Lakini Mwalimu alitabasamu njia nzima.

Nikifikiri vizuri, siku haikuwa mbaya. Mume wa mwenye ufunguo si mtu mdogo.

Jumanne, 13 Agosti

Njugu sasa zinafungiwa mifuko ya saruji iliyokatwa. Wateja wanalalamika kwamba hazina cha kusoma.

Nimeazima kitabu changu cha kwanza kizima, Mjane wa Masara. Nyakerario aliniandikisha kama hanijui, akaniuliza jina la baba. Kizito! Kinavuta mkono kwenda chini. Mjane ana kishamba, chini yake kuna dhahabu, shemeji anataka kumfukuza. Mambo yameanza vizuri.

Shida ni moja. Hakuna anayechana. Nasoma ukurasa, natazama nyuma, kurasa zote bado zipo. Nasoma tena, natazama, zipo. Mbio za nini basi? Nimelala mara mbili kabla mjane hajafika kwa chifu. Nimemwomba Nyakerario akae karibu yangu achakarishe karatasi tu, ya aina yoyote. Amekataa. Yeye mwenyewe anasoma. Yuko katikati ya kitabu kinene cha majasusi na nikimsemesha ananinyooshea kidole ningoje.

Jioni tumekaa wawili, kila mtu na chake, taa katikati. Ilikuwa jioni nzuri. Nilikuwa bado ukurasa ule ule.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimefika pale shemeji anamhonga karani wa mahakama. Kesi itaitwa kesho yake. Kurasa zilizobaki ni nyingi kuliko nilizosoma. Ukurasa wa mwisho upo. Niliugusa. Nikaushika kona. Nikauacha.

Kwa sababu ubao umekaa mtupu tangu Jumapili. Pauline amepita mara mbili, anasoma picha za ubatizo. Kamati ilisema nisiandike mpaka nimalize na kitabu. Nimeyapima maneno hayo pande zote. Kumaliza na kitabu ni jambo la moyoni, na moyo wangu umemaliza nacho.

Nimeandika hivi: mjane akashinda kesi. Karani alitubu mbele ya hakimu. Dhahabu ikapatikana chini ya mafiga yake mwenyewe, akajenga hoteli hapa hapa Sindo, chapati wakati wote, na shemeji ndiye anayepangusa meza. Kumbe naweza kuandika mwisho usio na harusi! Hata ng'ombe sikuweka.

Watu walijaa mpaka wakaziba njia. Mama Truphena alisoma mara mbili akauliza hoteli yenyewe itakuwa upande gani. Mwalimu Boaz alivuka barabara na penseli yake, akasoma polepole, hakupigia mstari neno lolote. Akaniambia kitabu chenyewe hatakiazima, kisije kikamharibia mwisho huu. Nimefurahi sana. Mwalimu amekuja na ujuaji wake, na kidogo kidogo anajifunza.

Adhuhuri nimerudisha Mjane wa Masara. Nyakerario amekigeuza mbele na nyuma, amepitisha kidole kwenye kurasa, akasema hajawahi kuona mtu anayetunza kitabu namna hii, hakuna doa, hakuna mkunjo, nusu ya pili ni kama haijaguswa. Amenipa viwili vingine.